Maneno Aliyomfundisha Bartholomeo

Aminieli aliacha chuo cha theolojia akiwa amebakiza mwaka mmoja tu awe mchungaji. Baba yake aliteleza kwenye ngema, ukingo mkali wa mlima, akikata majani ya ng'ombe, akafa kabla hawajamfikisha nyumbani, na nyuma yake wakabaki wadogo wanne na mama asiye na mtu mwingine wa kumtegemea. Huo ulikuwa mwaka 1957. Aminieli akarudi Upare ya kusini na sanduku la bati, koti moja, na Kiyunani cha miaka miwili ambacho pale kijijini hakikumfaa mtu. Vijana wenzake walimtania kwenye zamu za kufungulia maji ya ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba: "Haya msomi, yasemeshe maji Kiyunani, labda yatashuka haraka."

Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa saa moja kupanda mlima. Walikuwa wanatafuta karani wa faili, mtu mwenye mwandiko mzuri na asiyekunywa, wakampa Aminieli kazi. Akawekwa katika chumba chenye dirisha moja na rafu hadi darini, kazi yake kupanga faili, kuandika majina, kupokea barua zinazokuja na basi la posta kutoka Same.

Katika mwezi wa pili alishika faili ya mzee mmoja wa bondeni. Daktari, mama wa Kijerumani mrefu mwenye haraka, alikuwa ameandika kwa Kiingereza mistari mitatu, na katikati yake lilikaa neno moja ambalo Aminieli alilitazama mpaka wino ukamchezea machoni. Melena. Mwenyewe Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini neno lile alilifahamu. Alilikariri darasani katika orodha ya rangi. Akatoka na faili mkononi.

"Mama Daktari, huyu mzee anapata choo cheusi?"

Daktari alisimama. "Nani kakuambia? Wewe si muuguzi."

"Neno lenyewe ndilo limeniambia. Melas, kwa Kiyunani, ni -eusi."

Yule mama alicheka kwa sauti, jambo ambalo wauguzi walisema hawakuwahi kulisikia. Kuanzia siku ile alipopita chumba cha faili alimwachia neno moja au mawili kwenye kipande cha karatasi, na Aminieli akayavunja, akatoa mzizi, akaandika maana kwa Kiswahili kwenye daftari kubwa la jalada jekundu. Mwaka ulipogeuka wauguzi wasaidizi walikuwa wakija kwake badala ya kwenda kwa daktari, kwa sababu Aminieli hakumkaripia mtu.

Wiki ya Uhuru, Desemba 1961, Jenoveva, muuguzi wa wodi ya akina mama, alimuuliza habari ya neno melanini alilolikuta katika kitabu cha mafunzo. Aminieli akamweleza kuwa ndiyo rangi inayokaa ndani ya ngozi. Kwamba wataalamu walipotafuta jina la kuipa walirudi kwa Wayunani wakachukua lile lile neno la weusi. Jenoveva akajipiga mkono. "Kumbe nimebeba Kiyunani tangu tumboni mwa mama yangu, na hamkuniambia!" Wodi nzima ikacheka, na siku hiyo watu walikuwa wepesi wa kucheka.

Aminieli alimwoa Esta mwaka uliofuata. Wakapata binti, Wema, na nyumba ya vyumba vitatu chini ya hospitali.

Bartholomeo alifika mwaka 1966. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa mkata mkonge aliyetoka Njombe akaishia kwenye makambi ya tambarare, na Bartholomeo mwenyewe alikulia humo, katika safu za vibanda vya vibarua wa kila kabila. Aliajiriwa kama dresa, kazi ya kuosha vidonda na kufunga bendeji. Mikono yake ilikuwa mizuri ajabu. Watoto walilala huku akiwafunga. Lakini mara mbili alikuwa amejaribu mtihani wa kuingia mafunzo ya utabibu na mara mbili ameanguka, kwa sababu maneno hayakumkaa.

"Shikamoo kaka," alimwambia Aminieli siku moja mlangoni pa chumba cha faili. "Wanasema wewe unayajua maneno yanakotoka."

"Marahaba. Wanaosema ni akina nani?"

"Wote."

Hakuwa na mahali pa kukaa, wakampa chumba cha nyuma. Alikaa humo miaka mitatu. Esta alimpikia makande kama anavyompikia mumewe, na Wema alijifunza kutembea kwa kushika vidole vyake. Kila alasiri, kazi ikiisha, Aminieli na Bartholomeo waliketi kwenye benchi la nje na lile daftari jekundu katikati yao.

"Usilikariri lote," Aminieli alimwambia. "Likate. Melan?"

"Nyeusi."

"Oma?"

"Uvimbe."

"Haya, viunge."

"Melanoma. Uvimbe mweusi."

"Mzuri au mbaya?"

"Mbaya, kaka. Mbaya sana. Unaanza kama doa, unatembea mwilini."

"Sasa hili. Melan, halafu kholi. Kholi ni nyongo."

"Nyongo nyeusi." Bartholomeo alikunja uso. "Huo ni ugonjwa gani?"

"Ni huzuni. Watu wa kale waliamini mtu anayekaa na huzuni bila sababu, anayemshuku kila mtu, nyongo yake imegeuka nyeusi ndani. Ndiyo maana wakaiita melankolia."

"Basi baba yangu anayo debe zima," Bartholomeo akasema, na wote wawili wakacheka mpaka Esta akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Mtihani wa 1969 aliupita. Siku aliyoondoka kwenda mafunzoni alimpigia Aminieli magoti pale pale barabarani, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri basi, na Aminieli akaona haya akamvuta asimame. Akarudi miaka miwili baadaye akiwa tabibu, na Mama Daktari alipokwenda kwao mwaka 1973 bila mwingine kuletwa, hospitali nzima ikawa mikononi mwake. Watu walimwita daktari. Aminieli naye alimwita daktari mbele ya wagonjwa, na Bartho wakiwa wawili.

Doa lilianza mwishoni mwa mwaka huo. Lilikuwa chini ya kisigino cha kushoto cha Aminieli, dogo kama mbegu ya papai. Esta ndiye aliyeliona, mumewe akinawa miguu. Baada ya miezi miwili lilikuwa kama kifungo cha shati na lilikuwa likitoa maji.

Bartholomeo alilitazama akitabasamu. "Chunjua hii, kaka. Watu wa milimani mnatembea sana." Akalikwangua kwa kisu kidogo. Likarudi. Akalikwangua tena mwezi Aprili. Liliporudi mara ya pili hakutabasamu. Alikata kipande, akakitia kwenye chupa ya dawa, akasema atakipeleka Moshi wakakitazame kwa hadubini, "tuondoe wasiwasi tu."

Majibu yalipokuja Aminieli hakuwepo. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, watu wakihamishiwa vijiji vipya, na karani yeyote mwenye mwandiko safi aliazimwa na serikali. Wiki tatu za Agosti 1974 alikaa kijiji cha Bendera, kwenye meza chini ya turubai, akiandika majina ya familia zilizoletwa kwa lori na idadi ya vitanda vyao. Alirudi nyumbani amejaa vumbi, kisigino kikimuuma.

"Moshi wamejibu," Bartholomeo alimwambia kabla hajauliza. "Chunjua iliyokomaa. Tutakuwa tunaifunga tu."

"Barua iko wapi niiweke kwenye faili?"

"Nimekwisha kuiweka, kaka. Pumzika."

Na Aminieli akapumzika, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye neno lake angelichukua hivyo bila kulikagua.

Miezi iliyofuata watu walikuwa wema kwake kupita kiasi. Majirani walimlimia shamba la tangawizi bila kuombwa. Mchungaji Eliezeri alimwomba asome masomo kanisani Jumapili nne mfululizo na alimshika mkono kwa muda mrefu kila ibada ilipoisha. Jina lake lilikuwa katika orodha ya makarani watakaokwenda Dodoma kwa mafunzo. Likatolewa, na balozi wa nyumba kumi akamwambia wameona heri akae karibu na familia. Esta alimpokonya hata ndoo ya maji. Aminieli alifikiri watu wamekumbuka kazi yake ya miaka mingi, na alifurahi kimoyomoyo kama mtu anayesifiwa nyuma ya mlango. Mwezi Februari akahisi mtoki kwenye kinena cha kushoto, mgumu, usiouma. Bartholomeo akasema ni kwa ajili ya kidonda.

Machi 1975 Bartholomeo alichaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea udaktari msaidizi. Kabla ya kuondoka ilibidi akabidhi ofisi, na mwenye kazi ya kuandika kila kitu kilichomo ofisini alikuwa karani. Bartholomeo alikuwa wodini akiaga. Aminieli alifungua kabati, akaandika vifaa, akafungua mtoto wa meza wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulikwama. Alipouvuta kwa nguvu ulitoka na faili moja tu, na namba iliyokuwa juu yake ilikuwa ya mwandiko wake mwenyewe, na jina lilikuwa lake.

Alikuwa ameitafuta faili hiyo mara mbili rafuni akadhani imepotea katika wodi.

Barua ya Moshi ilikuwa juu kabisa. Hakuhitaji kusoma zaidi ya mstari wa pili ili kulikuta lile neno, lakini aliisoma yote, kisha akaketi kwenye kiti cha Bartholomeo akaisoma tena pole pole. Akafungua kurasa zote za faili, moja moja, kama alivyokuwa akikagua faili za watu wengine. Akaikunja barua akaitia mfukoni, akarudisha faili pale pale, akashuka nyumbani.

Esta alikuwa uani akipukuchua mahindi. "Baba Wema, mbona mapema?"

"Ulijua?"

Mikono ya Esta ilisimama. Hakuuliza anasema nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa Bendera." Alianza kulia bila sauti, gunzi bado mkononi. "Bartholomeo aliniita ofisini. Akaniambia ni ule ugonjwa mbaya, na hakuna dawa, hapa wala Moshi wala Ulaya. Akasema ukijua utakufa upesi zaidi, mawazo yatakumaliza. Akaapa kwa mama yake. Nikamwambia Mchungaji, maana sikuweza kubeba peke yangu."

"Na Mchungaji akawaambia wazee. Na wazee wakanilimia tangawizi."

"Nisamehe."

Aminieli aliitoa ile barua. Ilikuwa ya Kiingereza, na Esta alisoma Kiswahili tu. Akamtafsiria akiwa amesimama, neno kwa neno, kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma kanisani. "Mgonjwa huyu aletwe kwetu mara moja. Kisigino kikatwe kwa upana, au mguu chini ya goti ikibidi. Ikiwa mtoki haujavimba, ana nafasi nzuri ya kupona. Tafadhali asicheleweshwe." Kisha tarehe: tarehe kumi na nne Agosti.

"Soma tena hapo," Esta alisema.

"Ana nafasi nzuri ya kupona."

Esta aliinuka mahindi yakamwagika yote. Kwa miezi saba alikuwa amemzika mumewe ndani ya kichwa chake kila siku alipokuwa akimpakulia chakula. Alikuwa amekwisha kuchagua hata mahali, karibu na baba mkwe. Akajifunga kanga ya pili kiunoni. "Twende."

Walimkuta Bartholomeo ofisini akifunga vitabu kwa kamba. Alipoiona barua mkononi mwa Aminieli aliketi.

"Kaka, keti kwanza."

"Sikuja kuketi. Nieleze."

"Nilikikwangua mara mbili," Bartholomeo alisema, macho mezani. "Kitu kile hakikwanguliwi. Hata dresa wa mwaka wa kwanza anajua. Ungekwenda Moshi wangeuliza nani kakikwangua, na mara ngapi, na kwa nini hakuandika kitabuni. Majina ya wanaokwenda masomoni yalikuwa yanapangwa mwezi ule ule. Nikasema nisubiri kidogo. Nikasema labda kimetoka chote. Halafu mwezi ukapita, na kila mwezi uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kusema."

"Nilikufundisha neno lile kwa mkono wangu. Nilikuuliza uvimbe mzuri au mbaya."

"Ulinifundisha."

"Na mimi uliniapia kwa mama yako, shemeji," Esta alisema. "Yule aliyekuja kulala kwangu alipougua. Nilimwogesha."

Bartholomeo alifunika uso. Aliomba msamaha kwa maneno mengi, akasema atampeleka Moshi yeye mwenyewe kesho yake, kwa gari la hospitali. Aminieli alimjibu kuwa basi la posta linajua njia. Kesho yake alipanda lile basi na Esta, na Bartholomeo siku hiyo hiyo akapanda la Dar es Salaam.

Moshi walimkata mguu chini ya goti na kumtoa mtoki. Daktari wa upasuaji hakumficha. Alimwambia mwezi Agosti kazi ingekuwa ndogo. Sasa hawezi kuahidi. Aminieli alimshukuru kuliko alivyomshukuru mtu yeyote mwaka ule.

Akiwa bado kitandani aliandika barua kwa kamati ya hospitali ya mlimani. Aliiandika kwa siku nne. Hakutukana. Alitaja tarehe, akanakili barua ya Moshi, akaomba kitu kimoja: kamati iandike katika kumbukumbu zake kwamba mgonjwa alifichwa majibu yake, na kwamba jambo hilo lisitendeke tena kwa mwingine. Hakuomba Bartholomeo arudishwe kutoka masomoni.

Jibu lilimkuta nyumbani mwezi Juni, akijifunza kutembea na magongo. Lilikuwa karatasi moja yenye muhuri. Kamati ilimpa pole kwa kuondokewa na mguu. Kamati ilikuwa imetazama faili yake, na ndani yake ilikuta maelezo ya tabibu kwamba tangu mwaka uliopita Ndugu Aminieli alikuwa akiugua melankolia, hali inayomfanya mgonjwa kuwashuku hata wale wanaomtendea mema. Kwa hiyo kamati iliona busara kutoendelea na shauri hili, na kumpumzisha kazi kwa heshima.

Esta alisubiri akitazama uso wake. "Wamesemaje?"

Aminieli aliisoma tena. Siku ile ofisini alikuwa amepitia kurasa zote za faili, na mstari huo haukuwemo. Uliandikwa baada ya siku ile. Uliandikwa na mtu aliyeketi akafikiri, katika maneno yote aliyofundishwa pale kwenye benchi, ni lipi litakalofaa kumziba mdomo aliyemfundisha, na akalipata.

"Wamesema nina nyongo nyeusi," Aminieli alisema mwishowe, na kwa mara ya kwanza tangu barua ya Moshi akalia.

Jenoveva, ambaye sasa alikuwa muuguzi mkuu, alikwenda mbele ya kamati kwa hiari yake akawaambia wino wa mstari ule ni mwingine na tarehe imebanwa pembeni. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakafunga kikao. Mchungaji Eliezeri alikuja kuomba radhi, na Aminieli alimpokea, lakini hakusoma tena kanisani. Kati yake na Esta mambo yalichukua muda. Alimwosha kidonda kila asubuhi, na mara nyingine, akiwa ameinama hivyo, Aminieli alimuuliza ghafla, "Kuna kitu kingine unachokijua?" Naye alijibu kila mara, "Hakuna, baba Wema," bila kukasirika, hata miaka miwili ilipopita akiulizwa bado.

Ugonjwa haukurudi upesi. Mwaka 1979, vita vya Uganda vilipokwisha, Land Rover ya serikali ilisimama barabarani juu ya nyumba, akashuka Bartholomeo. Alikuwa amenenepa, ana miwani, ni daktari msaidizi wa kweli sasa, na nywele zimeanza kumtoka. Alisimama uani akiwa na kofia mkononi.

"Shikamoo kaka."

Aminieli alichelewa kuitikia, lakini aliitikia. Esta akaleta chai, akaiweka, akaingia ndani bila kusalimia.

Bartholomeo alizungumza juu ya mvua, juu ya barabara, juu ya binti yake. Kisha akasema alikuwa halali vizuri, na kwamba amesafiri kutoka Dodoma kwa ajili ya jambo moja tu, kuomba msamaha.

"Kwa lipi?" Aminieli aliuliza.

Bartholomeo aliutazama mguu ambao haukuwepo. "Kwa hilo."

"Hilo nilikusamehe nikiwa bado Moshi. Uliogopa. Mtu akiogopa anaweza kufanya mambo." Aminieli aliweka kikombe chini. "Lile la pili hukuogopa. Masomo ulikuwa umeyapata. Ulikaa na kalamu ukachagua neno. Hilo ndilo nililotaka kukusikia ukilitaja, na hukulitaja."

Bartholomeo aliigeuzageuza kofia yake magotini. Alikaa hivyo mpaka chai ikafanya utando juu. Hakulitaja. Mwishowe aliinuka, akaaga, akapanda kuelekea kwenye gari akiiacha kofia yake kwenye kiti, na dereva ndiye aliyerudi mbio kuichukua.

Esta alitoka ndani kutoa vikombe. "Amesema nini?"

"Mvua," Aminieli alisema, na kuyavuta magongo yake. "Amesema Dodoma haijanyesha."